Kilomita Moja ya Malindi Ni Pesa Ngapi?

Ukitaka kumshawishi mtu aanze kukimbia, hoja ya kwanza itakayokutoka ni kwamba ni bure. Hakuna ada ya uwanja, hakuna uanachama, na Barabara ya Casuarina haina mtu wa kukata tiketi. Unafunga kamba za raba, unatoka. Kwa wiki chache za mwanzo hoja hiyo ni kweli tupu. Kisha gharama zinaanza kuja, ila haziji kwa mlango mmoja. Nyingine hupitia jikoni, nyingine kwenye karai la kufulia, nyingine humwangukia anayebaki nyumbani na watoto, na iliyo kubwa kuliko zote husubiri miezi kadhaa kabla haijajitokeza. Kwa kuwa hakuna anayezijumlisha, mchezo huu umebaki na sifa ya kuwa wa rahisi.

Njia nzuri ya kuzijumlisha ni kuacha kuuliza raba zilinunuliwa kwa bei gani, ukauliza kila kilomita inakula kiasi gani. Tumchukue mkimbiaji wa kawaida wa hapa mjini, asiye na haja ya medali, anayekimbia kilomita 30 kwa wiki: mara tatu fupi siku za kazi, na moja ndefu Jumapili. Kwa mwaka anafikisha kilomita 1,560. Wapo wanaokwenda Malindi hadi Mombasa mara kumi na tatu kwa miguu bila kujijua, na huyu ni mmoja wao.

Raba za kukimbilia, kwa makadirio ambayo makocha na watengenezaji wengi huyataja, hudumu kati ya kilomita 500 na 800. Watu huangalia soli ya chini wakiiona bado ina meno, wakasema raba ni nzima. Lakini kinachochoka kwanza ni sponji ya katikati, lile povu jepesi ambalo kwa raba nyingi ni plastiki aina ya EVA yenye vijiputo vidogo vya hewa. Kilomita moja ni hatua elfu moja hivi, na katika kila hatua mguu hupokea mshindo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Vijiputo vinabanwa, vinainuka, vinabanwa tena, mpaka vingine havirudi. Raba inabaki na sura yake, ila kazi ya kupokea mshindo imehamia kwenye goti lako.

Sasa tupige hesabu, na bei hizi ni za mfano tu. Raba mpya za shilingi 12,000 zikidumu kilomita 600, kila kilomita ni shilingi 20. Mkimbiaji wetu atahitaji jozi mbili na zaidi kidogo ya nusu kwa mwaka, yaani shilingi 31,200. Mtu anayejiambia ametumia elfu kumi na mbili "mara moja tu" ndiye huyo huyo atakayeshtuka kabla mwaka haujaisha.

Ndiyo maana wengi hukimbilia mitumba. Kuna wanaokwenda hadi Kongowea, Mombasa, alfajiri, marobota yanapofunguliwa, ili wapate kamera, yaani mitumba bora kuliko yote, kabla wachuuzi hawajazichagua. Jozi ya shilingi 2,500 ikikupa kilomita 250, ni shilingi 10 kwa kilomita, nusu ya ile mpya. Ikikupa kilomita 100 ikafa, ni 25, na umeshapita bei ya dukani. Shida ya mtumba ni kwamba hujui mwenyewe wa kwanza alizikimbiza kiasi gani, tena sponji huzeeka hata ikikaa tu kwenye boksi. Kabla ya kulipa, ziweke juu ya meza iliyo sawa uzitazame kwa nyuma: kama kisigino kimelalia upande mmoja, ziache. Bonyeza sponji kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, au ikibonyea isirudi, ziache pia. Mimi namshauri anayeanza anunue mtumba uliopita mtihani huo kuliko raba feki mpya. Feki huwa na sura nzuri na sponji ya kubahatisha, na tena unailipa bei ya kitu kipya.

Na mpya halali mbona ni ghali? Sehemu ya jibu iko bandarini. Nyingi huingia kutoka nje, zinatozwa ushuru wa forodha na ada nyingine za uingizaji, kisha VAT ya asilimia 16 inahesabiwa juu ya thamani ambayo tayari imebebeshwa ushuru. Kodi inalipiwa kodi. Ongeza usafiri, faida ya duka la Nairobi, na posta ya kuja Pwani, ndipo utaelewa kwa nini bei unayoiona mtandaoni haifanani na ile unayotoa mfukoni.

Kwa wanaovutiwa na raba za mabingwa, neno moja tu. Mwaka 2023 Adidas ilitoa raba zenye uzito wa gramu 138 kwa bei ya dola 500, na Mwethiopia Tigst Assefa alizivaa Berlin akavunja rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake kwa saa 2:11:53. Kampuni yenyewe ilisema zimetengenezwa kwa marathoni moja pamoja na muda mfupi wa kuzizoea. Zigawe kwa kilomita 42.195 upate karibu dola 12 kwa kilomita. Kwa Assefa hiyo ni zana ya kazi. Kwa sisi wa kutoka Maweni hadi nguzo ya Vasco da Gama na kurudi, ni mambo ya kutazama kwenye simu.

Bahari nayo ina ada yake. Maji ya chumvi na mchanga hupenya kwenye nyuzi za raba, vikatafuna kitambaa na kulegeza gundi. Halafu anayezifua huzianika juu ya bati saa sita mchana. Joto hilo ndilo linalomaliza sponji na gundi kwa haraka kuliko mbio zenyewe. Zioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, toa soli ya ndani, jaza magazeti, zianike kivulini penye upepo. Fundi viatu wa mtaani anaweza kurudisha soli iliyobanduka, na bei yake si kitu. Sponji iliyokufa hawezi kuifufua.

Tukija kwenye chakula, hapa kuna jambo la kushangaza kidogo. Kukimbia hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 70 akienda kilomita 10 ametumia 700 hivi. Kwa mwaka mzima, mkimbiaji wetu wa kilomita 30 kwa wiki anatumia kama kilokalori 109,000. Ukizigeuza kuwa unga wa mahindi, ni kama kilo 30, yaani pakiti kumi na tano za kilo mbili. Mafuta ya injini hii ni nafuu sana kwa kweli! Tatizo ni kwamba hakuna anayerudi kutoka mbioni akalilia sima kavu. Anataka mahamri manne badala ya mawili, mbaazi za nazi, mayai, ndizi, dafu, na kabla ya mchana njaa inampiga tena akiwa kazini, akamwita mwenye viazi karai. Kinachopandisha bajeti ni hamu ya saa nne asubuhi, na dawa yake ni kupika cha kutosha nyumbani kabla haijafika. Anayekimbia ili apungue uzito ajue pia kwamba mahamri mawili ya ziada yanaweza kurudisha sehemu kubwa ya alichokichoma.

Jasho ndilo linalostahili kuelezwa kwa kirefu, maana hapa Malindi ndipo hesabu inapotofautiana na ya Eldoret. Mwili wa mkimbiaji hugeuza sehemu ndogo tu ya nishati kuwa mwendo, kama robo au pungufu. Iliyobaki yote ni joto. Katika zile kilokalori 700 za kilomita 10, zaidi ya 500 ni joto linalotafuta njia ya kutoka. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoa takriban kilokalori 580. Kwa hiyo lita moja ingetosha. Ila neno la muhimu ni "ikikauka". Jasho linalodondoka chini halijaondoa kitu. Kaskazi inapolegea, mwezi wa Machi, hewa ikiwa nzito na haina pa kupokea unyevu zaidi, jasho hutiririka hadi soksi zikalowa, na mwili ukaongeza jingine kufidia lile lililopotea bure. Moyo unapiga haraka kwa mwendo ule ule. Unalipa bei ya kilomita kumi na mbili, unapewa kumi.

Jasho hilo limebeba chumvi. Watu hutofautiana sana, lakini wastani ni karibu gramu moja ya sodiamu kwa lita. Dafu, ambalo hapa tunalikimbilia kwa haki, lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, hivyo kwa mbio ndefu halitoshi peke yake. Maji matupu kwa wingi nayo yana hatari: mtu anayekunywa lita juu ya lita bila chumvi anaweza kuzimua sodiamu ya damu mpaka akaumwa kichwa, akatapika, hata akapoteza fahamu, na wenzake wakadhani anahitaji maji zaidi. Vinywaji vya rangi vya dukani vimetengenezwa kwa tatizo hili na bei yake unaijua. Mchanganyiko wa nyumbani wa lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, ule ule tunaowapa watoto wakiharisha, unafanya kazi hiyo kwa senti. Kamulia ndimu ukipenda. Na chumvi yenyewe inavunwa hapo Gongoni.

Mwili huzoea joto, na huchukua kama siku kumi hadi kumi na nne za mazoezi ya mfululizo kufanya hivyo: jasho huanza mapema zaidi, chumvi ndani yake hupungua, na maji ya damu huongezeka. Anayehamia hapa kutoka bara akaanza kwa kasi yake ya kule, wiki ya kwanza ndiyo itakayompeleka zahanati.

Nguo zilizolowa chumvi namna hiyo hazingoji Jumamosi. Zikikaa usiku mmoja kwenye kikapu zinanuka na kuanza kuota madoa ya ukungu. Mbio nne kwa wiki ni mafuo manne ya ziada, na mtaa ambao bomba limekauka, hayo ni maji ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Sabuni pia. Anayefua, mara nyingi, si yule aliyekimbia.

Watalii hupenda picha ya mtu anayekimbia ufuoni alfajiri. Mwenyeji huuliza kwanza maji yako wapi. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari yetu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu na saa nne. Kwa hiyo anayetoka saa kumi na mbili asubuhi hukuta maji bado yako juu, naye amesukumwa kwenye mchanga mkavu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, maji yanakuwa yamepwa alfajiri na mchanga mgumu unapatikana. Na kwa vile maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, ratiba ya mkimbiaji wa ufuoni haiwezi kufanana na ya mtu aliyeajiriwa. Atapata siku chache nzuri, kisha arudi barabarani.

Kukimbia kwenye mchanga mkavu kunakula nishati takriban mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu. Kilomita tano za mchanga ni kama nane za lami. Kwa mazoezi ya nguvu ni jambo zuri, ila usiliingize kwenye hesabu yako kama kilomita tano za kawaida. Halafu kuna mteremko: ufuo umeinamia baharini, mguu mmoja unakuwa juu na mwingine chini kwa nusu saa nzima, na nyonga hulipa. Ukienda upande mmoja, rudi kwa njia ile ile, angalau miguu igawane dhiki.

Barabarani gharama ni nyingine. Hapa magari hupita kushoto, kwa hiyo kimbia upande wa kulia ukiyatazama usoni, maana bodaboda isiyo na taa utaiona wewe kabla haijakuona. Taa ya kichwani na fulana ya kung'aa si mapambo kwa anayetoka kabla ya jua.

Saa ya kukimbilia, programu ya kulipia kila mwezi, vipokea sauti: hivi ni vya hiari, na sitavipotezea maneno. Mafuta ya mgando ya kupaka mapajani na kwapani si ya hiari.

Muda ni gharama ambayo haina risiti. Kwa mwendo wa dakika saba kwa kilomita, kilomita 30 ni saa tatu na nusu kwa wiki, na kwa mwaka ni saa 182. Ukizigawa kwa siku ya kazi ya saa nane, ni karibu siku 23, mwezi mzima wa mtu anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, na hapo hujahesabu kujiandaa, kuoga na ule uchovu wa kulala baada ya chakula cha mchana Jumapili. Tena saa zenyewe si saa zozote. Saa kumi na mbili asubuhi, saa pekee yenye ubaridi kidogo, ndiyo saa ya uji, sare na mikoba ya shule. Baba anayerudi saa moja akisema amejipatia afya bure, kuna mtu aliyemlipia. Sisemi asikimbie. Nasema zamu zipangwe, na anayebaki leo atoke kesho.

Kwa wanawake bili ina mistari ambayo wanaume hawaioni kabisa. Sidiria ya michezo iliyo imara ni lazima, nayo huchakaa kwa chumvi kama raba. Mwanamke wa Shela au Barani anayetaka kutoka kwa stara anahitaji suruali pana, fulana ndefu na mtandio mwepesi, vitambaa vingi zaidi juu ya mwili ambao tayari unashindwa kutoa joto. Kisha kuna suala la usalama. Wengi hawatoki peke yao kukiwa na giza, kwa hiyo hungoja mwenzao, au hulipa tuktuk hadi mahali penye watu, au hungoja jua lichomoze, wakakimbia kwenye joto ambalo mwanamume amelikwepa. Kilomita ile ile, barabara ile ile, na bei mbili.

Sasa ile iliyo kubwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2007 yalikuta kwamba wakimbiaji wa masafa walioumia miguu walikuwa kati ya asilimia 19 na 79, kutegemea utafiti. Pengo kubwa hivyo linatokana kwa sehemu na swali la nini kihesabiwe kuwa jeraha: maumivu ya siku moja, au yale yaliyokusimamisha? Hata ukichukua ile ndogo, ni mtu mmoja katika watano. Chanzo chake mara nyingi si ajali. Moyo na mapafu huimarika kwa wiki chache, misuli ikafuata, lakini kano na mifupa huhitaji miezi. Katika mwezi wa pili mtu anajiona simba, pumzi ipo, anaongeza kutoka kilomita 15 hadi 35, na mfupa wa ugoko haujapewa nafasi ya kujijenga. Bandu bandu huisha gogo. Ufa mdogo wa namna hiyo mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya mwanzo, kwa hiyo mtu analipia picha, anaambiwa yuko sawa, anarudi barabarani, kisha analipia picha nyingine kubwa zaidi, pengine na safari ya Mombasa juu yake. Dawa ni kupumzika, mara nyingi wiki sita hadi nane.

Kupumzika huko ndiko kwenye bei halisi. Karani wa ofisini atachechemea na mshahara uingie. Mhudumu wa hoteli anayesimama kutwa, mvuvi wa kusukuma ngalawa, fundi wa kupanda ngazi, kila siku ya mguu uliovimba ni siku ya pesa iliyopotea. Ukilinganisha na hiyo, shilingi 20 za raba kwa kilomita ni chenji. Kama kuna mahali pa kubana matumizi, basi ni kwenye haraka: ongeza kidogo, kaa hapo wiki mbili tatu, ndipo uongeze tena, na maumivu yanayokufuata hadi kitandani yape siku za kupumzika kabla hayajakudai wiki.

Mwisho kuna mashindano, maana kila kikundi cha kukimbia kitafika siku ya kuchangisha safari ya Nairobi. Ada ya kujiandikisha ndiyo inayotajwa kwenye tangazo. Isiyotajwa ni matatu hadi Mombasa, kisha treni ya SGR, ambayo tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, malazi, chakula, fulana ya kikundi, na siku za kazi. Juu ya hayo, Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 20 kuliko hapa. Mtu wa Malindi anayefika Ijumaa na kukimbia Jumapili atakuwa mzito kuliko alivyozoea hata baridi ya kule impendeze vipi, na kuzoea kunahitaji wiki, siyo usiku mmoja wa hoteli. Anayekwenda kwa ajili ya watu, fulana na picha, aende na afurahi, pesa yake haikupotea. Anayetafuta muda wake bora na ana nauli moja tu kwa mwaka, aiweke kwa mbio za Pwani za msimu wa kusi, Julai au Agosti, ambako hewa ni ile anayoijua na usiku wa kuamkia mbio atalala kwa shangazi yake.